Injini ya Baba Ndani ya Gari la Bwana Mluzi

Harufu ya petroli ikichanganyika na unga wa mahindi, sijui kama kuna pua nyingi zinazozijua mbili hizo kwa pamoja. Majuzi nilizipata tena, uani kwa binti yangu, nikiwa napepeta unga. Mjukuu wangu alikuwa ameng'oa injini ya gari lake dogo na kuning'iniza nyingine kubwa kwa mnyororo, mafuta yakimchuruzika mpaka viwikoni. "Bibi," akaniambia, "hii ya gari kubwa. Nikishaifunga, hili litapaa." Nikaweka ungo chini. Nikamuuliza injini hiyo ameitoa kwa nani, kwa sauti iliyoniogopesha hata mimi mwenyewe. Maskini, alikuwa ameinunua dukani. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika Magoma, zama za Waingereza, na hasira yangu ilikuwa mbichi kama ya jana.

Niwieni radhi. Mimi si mtu wa kusamehe upesi. Huyu nitakayewasimulia huenda ameshakufa huko kwao, na watu husema marehemu hasemwi. Mimi nitamsema.

Baba yangu, Kulwa, aliletwa Korogwe kutoka Unyamwezi akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge pale Magoma mpaka alipohamishiwa karakana ya shamba. Hapo ndipo alipomwoa mama, Mzigua wa Kwaluguru kule Handeni. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo nyumbani kwetu hakukuwa na siku ya kimya. Mjomba Sekibo, kaka yake mama, kila akija kututembelea alimsalimu baba kwa kumuuliza ni lini atarudisha dada yake aliyeazimwa. Baba alimjibu kwamba amrudishe mara ngapi, mbona kila siku anajileta mwenyewe.

Siku moja lori la shamba lilipinduka, likaharibika lote isipokuwa injini. Bwana mkubwa wa shamba akampa baba ile injini, kwa mdomo wake, mbele ya wafanyakazi, kuwa asante ya kazi. Baba akaisimika kwenye msingi wa saruji ndani ya kibanda, akaivisha mkanda, mkanda ukazungusha mashine ya kusaga. Ndugu zangu, ile ilikuwa neema. Wanawake wa Magoma waliacha kutwanga, na wengine waliteremka na mahindi yao kutoka juu milimani, Mpale. Baba akishinda karakana, mama ndiye aliyeiendesha mashine, kanga kaifunga kifuani, nyusi zake nyeupe kwa unga. Mimi niliota sugu za mchi tangu nikiwa mdogo, na mwaka ule viganja vyangu vikalainika.

Mama alikuwa na sheria moja: maji baridi yasisogee karibu na injini ikiwa moto. Mara moja niliionea huruma jinsi ilivyokuwa ikihema, nikaiendea na kata ya maji. Mama alinidaka mkono njiani. Jioni baba akanikalisha akanieleza kwamba chuma kilichochemka kikimwagiwa maji ya ghafla kinapasuka, na kikipasuka hakishoneki. "Injini iliyochemka haipewi maji," alisema. "Inapewa subira."

Kisha homa ikamchukua baba, siku chache tu, tukamzika. Mama akaingia eda. Msiozijua desturi zetu, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda huku na huko wala hakabiliani na wanaume wa nje. Mashine ikanyamaza ikimsubiri atoke.

Aliyekuja hakusubiri. Bwana mkubwa alikuwa amekwenda likizo Ulaya, na shamba alikuwa ameachiwa msaidizi wake, kijana mwenye nywele za rangi ya katani, ambaye watu walimwita Bwana Mluzi kwa sababu alipiga mluzi saa zote, hata mazikoni. Alikuwa na kigari chekundu cha mashindano, cha watu wawili, hakina paa, kifupi kiasi kwamba mbuzi akisimama kando yake dereva humtazama usoni. Injini yake ilikuwa imemfia akikipandisha mlima kwa kiburi. Akakumbuka ya kwetu.

Alikuja asubuhi na manamba wanne waliokuwa wakitazama chini. Mama, akiwa ndani, akanituma nimwambie kwamba mwenye mali yuko eda, angoje atoke. Nikaenda nikamwambia, na shikamoo nikampa. Akanijibu kwa Kiswahili chao kile: "Mimi hapana jua eda. Hii mali ya shamba." Akaingia kibandani na spana zake.

Nilirudi ndani nikamkuta mama amekaa mkekani, amefumba macho. Spana ilikuwa ikilia kwenye nati, krii, krii, inanyamaza, inalia tena. Kila nati aliyokaza baba kwa mkono wake ilifunguliwa mama akiwa anasikia, na mluzi juu yake. Hakulia. Nilimuuliza kwa nini hatoki akamfukuze. Akasema, "Nikitoka leo, nimemkosea baba yako. Eda ina mwisho." Mnyapara mmoja, mtu mwema tu lakini mwoga, alikuja baadaye akamliwaza kupitia dirisha: mwenye nguvu mpishe. Mama akamjibu kutoka ndani, "Nimempisha. Na yeye atanipisha."

Habari za kule tulizipata kwa Mzee Maganga, mpishi wa Bwana Mluzi, Mnyamwezi mwenzake baba. Alituambia bwana anaifunga injini mwenyewe nyumbani, kando ya banda la kuku, akifuatisha michoro ya kitabu. Injini ya lori haikuingia. Akakata chuma hiki, akapinda kile, mwisho akatoboa boneti, injini ikachomoza juu. "Kigari kina mimba," Mzee Maganga alisema, "na mimba yenyewe imekaa shingoni." Kikawa kizito mbele hata magurudumu ya nyuma yakawa yanagusa ardhi kwa heshima tu. Lakini mbio kilikuwa nazo. Kilipopita barabara ya Magoma kikinguruma, wanawake waliobeba mahindi kuyapeleka kutwangwa walisimama na kugeuza nyuso. Sote tuliijua ile sauti. Ilikuwa sauti ya kibandani kwetu, inapiga kelele kwa mtu mwingine.

Mimi nilirudi kwenye kinu. Sugu zikarudi, na kila nilipoinua mchi nilimwombea yule bwana apinduke. Nilikuwa mtoto, sikujua kuomba kwa ustaarabu.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa kanga mpya, akawalisha waliokuja kumtoa. Mzee Maganga alikuwapo. Ndiye aliyesema kwamba baada ya masika bwana amewekeana ahadi na wazungu wenzake kushindana kwa magari, kutoka Korogwe, kupitia Handeni, hadi kambi ya wawindaji iliyo mbele ya Kwaluguru. Mama alikuwa akipakua wali. Mwiko ukasimama hewani. "Mbele ya Kwaluguru," akarudia, kisha akaendelea kupakua. Wiki ile ile tukafunga safari kwenda Kwaluguru kwa Mjomba Sekibo.

Karibu na Kwaluguru barabara ilikuwa ikikata mto wa mchanga, na daraja halikuwapo. Ukitazama juujuu unaona maji ya magotini, lakini mchanga wake ulikuwa unameza. Kila masika yakiisha, watu wa pale walitandika magogo na matawi chini ya maji ili magari yapite. Hakuna aliyewaamuru, na hakuna mzungu aliyewahi kujiuliza kwa nini hazami. Gari likikwama, walitoka mashambani na jembe mkononi, wakasukuma kwa nyimbo. Kumwacha msafiri mtoni ilikuwa aibu ya kijiji kizima.

Mama aliwakusanya kaka zake akawaomba neno moja tu: mwaka ule wasitandike. Mjomba Sekibo alitazama upande wa mto. Akasema, "Dada, ile injini itaingia majini." Mama akasema, "Najua." Nami nilikaa pale nikifurahi, maana nilichosikia ni kwamba injini yetu itarudi.

Siku ya siku, kigari chekundu kilikuja mbele ya wote, kimewaacha wenzake mbali, waliokuwa na akili ya kuchukua njia ndefu. Rejeta ilikuwa ikitoa moshi, Mzee Maganga kando ya dereva amekumbatia kikapu cha chakula. Bwana Mluzi alikuja anapiga mluzi, akaingia mtoni bila kupunguza mwendo. Pua ikazama kama ng'ombe anayekunywa. Maji yakapanda yakaifunika injini, mvuke ukaruka, na ndani yake ukasikika mlio mmoja mkavu, kama kuni iliyopasuliwa. Kisha kimya. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaza kanga yake kwa mikono miwili.

Mzee Maganga alishuka, akavuka na kikapu chake kichwani, akaja kukaa nasi kivulini. Bwana alipomwita asukume, alimjibu, "Bwana, mimi mpishi." Ng'ambo ya pili na huku, kijiji kizima kilikuwa kimekaa. Wanawake walisuka ukili wa mikeka. Wazee walikuna magoti. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyecheka. Upande wa milima ya Nguu wingu lilikuwa limeshuka jeusi, na kila mtu alijua mto ule huja bila hodi.

Alipiga kelele, akaahidi, akatisha kwa jela. Mjomba Sekibo akamwambia jela iko Handeni, aende akaiite. Ndipo mama akainuka, akateremka mpaka ukingoni, maji yakagusa miguu yake. Alisema taratibu, nami nayakumbuka maneno yake kama aya: "Bwana, gari ni lako, tutalisukuma. Injini ni ya mume wangu. Ifungue kwanza. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Bwana Mluzi akamtazama, akalitazama wingu, akatoa spana.

Ilimchukua muda, maana nati zilikuwa chini ya maji na alikuwa amezikaza kwa mbwembwe. Ngozi ya vidole ilimchubuka. Aliteleza akanywa maji ya mto. Krii, krii, inanyamaza, inalia tena, na safari hii bila mluzi. Mama alikuwa amesimama pale pale, amefumba macho. Nikadhani anaomba dua.

Nati ya mwisho ilipotoka, wajomba waliingia na miti na kamba, wakaibeba injini mabegani. Mzee Maganga, mtani wao, akaanza kuililia kama maiti ya jamaa yake, akiwatukana Wazigua kwamba hata kubeba jeneza hawajui, akamvua bwana kofia kuwa haki ya mtani msibani, akaivaa. Hapo sasa watu walicheka. Kisha, kwa kuwa mama alikuwa ameahidi, kijiji kizima kiliingia majini na kukisukuma kile kigari kitupu kwa nyimbo, chepesi kama sanduku, mpaka juu ya kilima, bwana ameshika usukani usioongoza kitu. Wakamwacha pale. Hakwenda kushtaki, kwa sababu angeanzia wapi? Bwana mkubwa alirudi kutoka likizo, na kabla ya mwaka kwisha Bwana Mluzi alihamishiwa shamba jingine, sikusikia wapi.

Injini tulirudi nayo Magoma kwa lori la mahindi. Mama akairudisha juu ya msingi wake, akaifuta, akaifunika gunia. Nikangoja. Kila asubuhi niliuliza ni leo tutaiwasha? Alinipa mchi. "Twanga," alisema. Nilitwanga mpaka nilipoolewa, nikimlaumu moyoni kwa kutomwita fundi. Kumbe tulizunguka kote kule kuleta chuma cha kufunikwa gunia?

Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa na watoto wangu, mume wangu aliamua kuifungua atazame. Akaniita. Ubavuni mwa chuma palikuwa na ufa, unaingia ukucha. Akasema hii ilimwagiwa maji ikiwa moto. Nilisimama pale kibandani na kata ile ya maji ya utotoni ikanirudia mkononi, na mkono wa mama ukinidaka. Mwanamke aliyeijua ile sheria kuliko mtu yeyote Magoma ndiye aliyeomba magogo yasitandikwe.

Mama alikuwa nje, anachambua mboga, ameshazeeka. Nilimwendea nikamuuliza kama alijua. Hakuinua macho.

"Nilijua. Nilisikia ilipopasuka."

"Na tukatwanga miaka yote ile."

"Tulitwanga, tukala, hatukufa," akasema. "Lakini ile sauti ya spana, siku ile nimekaa ndani, ningekufa nayo. Nilitaka niisikie tena, anafungua yeye, nami nimesimama."

Akanisogezea nusu ya mboga, nikakaa, tukachambua.