Mlango wa Upande wa Mama

Nikinusa thina, ile ya kuyeyushia rangi, kiganja changu cha kulia huanza kuwasha. Muhula uliopita walipopaka rangi milango ya maabara, Kidato cha Tatu chote kilishangilia kwa kukosa kemia. Mimi, ambaye kwa kawaida ndiye huanzisha kelele, niliomba ruhusa ya kwenda msalani, nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha. Kukimbilia harufu ya choo cha shule si jambo dogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Lori kuukuu la Baba, la kubebea ndizi kutoka Githongo, lilikuwa limeteleza kwenye matope likagonga ukingo wa barabara kwa upande wa kushoto. Mama alikuwa ameketi upande huo.

Baada ya mazishi, cucu, yaani mama yake Mama, alimchukua mdogo wangu Kawira akaenda naye kwake Runyenjes. Alimwambia Baba waziwazi, "Mtoto wangu alitolewa kwa hiyo gari akiwa maiti. Huyu mdogo hataingia ndani yake mimi ningali nautambua ule mlango."

Basi Baba akaamua mlango usitambulike tena. Hakutaka fundi. Aliung'oa mwenyewe, akaulaza juu ya madebe uani, akanyoosha bati kwa nyundo, akaziba mabonde kwa fila, ule udongo wa kuzibia bati, akaanza kusugua kwa msasa. Kosa lake lilikuwa kusugua kwa vidole vitupu. Vidole huzama palipo laini, na mlango ukabaki na mawimbi. Jirani akamwonyesha kuuzungusha msasa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Tukaanza upya.

Jicho halioni wimbi kabla rangi haijang'aa. Kiganja ndicho hulisikia. Baba alisema vyake vimekufa ganzi kwa usukani na jembe, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu.

"Kendi, funga macho. Unasikia nini?"

"Nasikia Mlima Kenya, Baba. Na hapa naona nimeingia vilima vya Nyambene."

Alicheka, mara ya kwanza tangu tumzike Mama. "Wacha mchezo, mami. Tunamleta Kawira nyumbani."

Siku ya nne nilikuwa nimechoka, vumbi la fila limenijaa puani, na ng'ambo ya ua wenzangu walikuwa wakiruka kamba. Lilibaki wimbi moja tu, chini ya dirisha, pale Mama alipozoea kuegemeza kiwiko.

"Imenyooka?"

"Kama rula, Baba."

Akaniuliza tena. Akaniuliza mara ya tatu, kisha akapapasa mwenyewe, polepole, mkono ukatua pale pale na kukaa. "Haya," akasema. "Tupake."

Rangi ya buluu ilipokauka, jua lilinishtaki. Wimbi lilicheza chini ya dirisha kama maji ya beseni lililoguswa. Baba akaosha brashi kwa thina, akaurudisha mlango kwenye lori.

Jumamosi tulienda Runyenjes. Cucu alilizunguka lori mara moja tu, akasimama mbele ya mlango ule, macho kwenye wimbi. "Ni hapa," akasema. Akamnyanyua Kawira, akaingia naye ndani ya nyumba yake. Hata chai hatukupewa. Nilirudi nimekaa kiti cha Mama, na kiwiko nilikiweka mapajani njia nzima.

Kawira bado yuko huko. Tukienda kumwona hunisalimia kama mgeni wa kanisa. Miaka yote hii nilijua ni uongo wangu uliomwacha kule, na sikuwahi kumwambia mtu.

Likizo ya Agosti nilimkuta Baba mlangoni akichambua maharagwe, macho yake kwa jirani aliyekuwa akipiga naye gumzo. Vidole vyake vilikuwa vikichomoa vijiwe vidogo kuliko punje ya mtama, bila kuangalia, na bila kukosea hata kimoja.

Mikono iliyokufa ganzi, eti.

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Alikuwa amelisikia lile wimbi. Aliniuliza mara tatu akiomba nimdanganye, ili asiendelee kupafuta pale alipoegemea mkewe. Nikaketi kando yake, nikavuta ungo kidogo upande wangu.