Sahani ya Bibi wa Stechford

Kuandika maombi ya ruzuku sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kutoka kwa barua za kukataliwa. Nilizisoma kwa makini nikitafuta mahali ambapo msomaji alichoka nasi. Nilikuwa mratibu wa klabu ya chakula cha mchana ya wazee wa Kiyahudi hapa Birmingham, mimi Mkristo kutoka Kenya, na nilijua kutenga sufuria za nyama na za maziwa, kama sheria yao ya chakula inavyotaka, kabla sijajua kutenga lengo na matokeo kwenye fomu.

Tulichohitaji ni basi dogo lenye lifti. La zamani lilikuwa na ngazi tu, na bibi mmoja wa mtaa wa Stechford, ambaye sasa alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, hakuwa ameonekana mezani tangu majira ya baridi. Kila Jumanne wenzake walimwekea sahani yake mahali pake mezani, kisha baada ya chakula mimi nilimpelekea supu nyumbani. Aliinywa peke yake, akitazama dirisha.

"Hii ni dawa," aliniambia. "Supu hasa ni ile ya kunywa huku mnabishana mezani."

Hatimaye mfuko mmoja wa misaada ulikubali kutuma afisa wake. Alipendekeza Jumamosi, nilimweleza kuhusu Sabato, tukaafikiana Jumanne. Niliwaomba wazee wamwambie wazi wanachokosa.

Mwenyekiti wetu, fundi suti mstaafu aliyevuka miaka tisini, alikunja uso. "Sijawahi kuomba."

"Kwetu tunasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kijana," akanijibu, nami nina mvi, "kwa umri wangu nikiinama, nani ataniinua?"

Jumanne ilipofika walikuja wamevaa tai na lulu, wakatandika kitambaa cha sikukuu. Afisa, mama mmoja mtaratibu, aliwekewa supu ya kuku yenye madonge ya unga, na hakuruhusiwa kufungua kinywa ila kwa kijiko. Bakuli lilipoisha akauliza klabu inakosa nini.

"Hatukosi kitu," alisema mwenyekiti.

"Tunamshukuru Mungu," alidakia bibi wa kando yake. "Mwongezeni supu, amekonda."

Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikiona miezi yangu ya kazi ikiyeyuka. Kwenye maombi nilikuwa nimeeleza upweke kurasa nzima, na hapa walikuwa wamekaa kama watu wa harusini.

Afisa akageukia kiti kilichokuwa wazi ubavuni mwake. Sahani, kijiko na kitambaa vilikuwa mahali pake. Sahani ile sikuiandika popote. Niliiona ni jambo lao la ndani.

"Huyu hajafika?"

Walitazamana. "Ni rafiki yetu wa Stechford," bibi yule wa kando ya mwenyekiti akasema polepole. "Hawezi kupanda ngazi za basi."

"Basi kuna kitu mnakosa."

Mwenyekiti aliweka kijiko chini. "Mimi sikosi. Anayekosa ni yeye. Kwa ajili yake nitaomba." Akasimama, mikono yote miwili mezani. "Alikuwa akinibishia kila wiki. Tangu aache kuja nasema upuuzi, na hakuna wa kunisahihisha."

"Hilo ni kweli kabisa," wakaitikia wote.

Afisa alicheka, kisha akaandika kwa muda mrefu.

Tulipewa ruzuku yote, bila kupunguziwa. Siku ya kwanza ya basi jipya mwenyekiti alisisitiza kufuatana nami Stechford. Lifti ilishuka hadi barabarani, ikampandisha bibi yule taratibu, naye akawapungia majirani waliotoka milangoni kama malkia anayekagua gwaride.

Ukumbini nilimsukuma hadi penye sahani yake. Kabla sijafunga breki za kiti, mwenyekiti alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, akizifunga mwenyewe, moja kisha ya pili. Akaninyooshea mkono.

"Haya, kijana. Niinue."

Nikamwinua. Bibi alikuwa ameshaonja supu.

"Haina chumvi!" akatangaza.

"Ina chumvi tele! Ulimi wako ndio umezeeka," mwenyekiti akafoka, hata kabla hajakaa, na meza nzima ikapasuka kwa kelele; kila mtu akibisha, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Nikarudi jikoni kupakua bakuli la pili.