Mguu wa Saud

Katika gereji hii ya mtaa wa Bawshar, fundi hazungumzi na bibie Shatha. Gari ni ya Shatha, ya Kimarekani ya zamani yenye injini kubwa, na ni yeye aliyetaka giaboksi ya otomatiki itolewe, itiwe ya gia za mkono. Lakini kila akiuliza kitu, fundi humjibu Saud, mdogo wake Shatha, aliyekuja kumsindikiza tu. Fundi hufuta nati moja moja kwa pindo la shati, kama anayefuta pua ya mtoto, kisha humnyooshea Saud: "Umeona, bwana?" Saud haoni kitu, yuko kwenye simu.

Leo giaboksi imeshafungwa, imebaki kutoa upepo kwenye klachi, mtu akikanyaga pedali juu. Fundi kaingia uvunguni. "Saud, kanyaga!" Saud kenda kununua chai. Shatha akaingia garini, akakanyaga. "Achia. Kanyaga tena, taratibu. Hapo hapo! Mashaallah, Saud, huu ndo mguu wa kiume!"

"Saud hayupo, fundi. Mguu wangu huu."

"Basi akirudi," sauti ikatoka uvunguni, "mwambie akanyage vivyo hivyo."