Pampu Aliyoikataa Shangazi Pua

Watu walimwita Shangazi Pua, na pua yenyewe wala haikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida, ina kovu la spana iliyoteleza, ila kazi ilikuwa inaijua. Giaboksi ikiletwa karakana, mafundi wengine wanahangaika kutafuta jeki na taa, yeye anachovya kidole kwenye oili, anaisugua na gumba, ananusa. Halafu anasema, "Gia ya tatu imekwisha meno," au, "Huyu dereva anapumzisha mguu kwenye klachi kama yuko kwenye kochi lake." Fungua sasa. Unakuta ni hivyo hivyo.

Alianza ana miaka kumi na sita, anaosha vyuma kwa petroli kwenye karakana ya baba yake. Baba alimwambia ashike taa tu, mpaka mdogo wake wa kiume akue aje ashike spana. Basi mdogo akakua. Akawa mrefu, akaota tumbo, akaota na sauti, lakini ufundi ulimpita kando kama mtu anayemnyima salamu. Baba alipokufa, karatasi ya karakana ikasomwa, na jina lililokuwemo ni la mdogo. Shangazi Pua alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kumalizia giaboksi ya lori aliyoiacha wazi. Wajinga walidhani amekubali.

Mume alikuwa naye, wakaachana. Sababu aliyoitoa ni kwamba yule bwana alikuwa anakunywa supu kwa kelele na kuziba mipira ya kupitishia oili kwa mfuko wa nailoni. Ukimsikia anavyoitamka hiyo ya pili, unajua ndiyo iliyovunja ndoa.

Mtoto aliyelelewa naye ni wa huyo mdogo wake, binti aliyefiwa na mama yake angali ananyonya. Walimwita Kijiti kwa wembamba. Alilala mchana kwenye viti vya magari yaliyokufa, akaota meno akitafuna kipini cha bisibisi. Alipokua hakutaka kufungua magari, alitaka kuyakimbiza. Akapata gari dogo jeupe la mashindano, ndani limekwanguliwa, viti vya nyuma hakuna, ni mabomba ya chuma tu ya kumlinda dereva likipinduka. Mwisho wa kila mwezi alikuwa akilipeleka uwanjani kuzunguka na wenzake. Na alikuwa mkali. Wanaume walimwachia njia huku wanatukana.

Tatizo lilikuwa giaboksi. Akizunguka dakika ishirini, gia ya pili inagoma kuingia, na oili ikitoka inanuka nywele zilizoungua. Shangazi Pua alinusa mara moja tu.

"Hii inapikwa," akasema. "Inataka rejeta yake ndogo, na pampu ya kuitoa oili ikapoe irudi. Na chujio kabla ya pampu. Bila hivyo mtakuwa mnanunua gia kama mnanunua kiberiti."

Mdogo wake aliagiza vitu vyote. Tangu anunue kiti cha kuzunguka ofisini alijiita Mkurugenzi. Maboksi yalipofika, dada mtu amelala chini ya basi la shule, akasikia Mkurugenzi anasema, "Mpeni mkwe wangu. Na yeye ashike kitu, watu wamwone."

Mkwe ni mume wa Kijiti, na jina lake mtaani lilikuwa Mbwembwe. Huyo alikuwa na miwani mitatu ya jua na ovaroli moja, na ovaroli ndiyo ilikuwa safi. Alijifungia na gari siku nne, anapiga video kila msumari. Kijiti alikuwa anampenda. Haya ni mambo ambayo hakuna fundi anayeyatengeneza.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mashindano makubwa ya mwaka, Mbwembwe akafungua milango ya karakana kama anafungua duka. Shangazi Pua akaja anafuta mikono. Akazunguka gari mara moja. Akalala chini, akajisukuma mpaka viatu tu vikabaki nje. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, uso umekunjamana kama mtu aliyekuta unywele kwenye maziwa.

"Nani kafunga huu uchafu?"

"Ni mimi, Shangazi," Mbwembwe akasema, anatabasamu. "Unauonaje?"

"Nauona kama matapishi. Chujio liko wapi?"

"Liko kwenye boksi lake. Nafasi ilibana. Halafu linachelewesha oili. Mimi nataka oili ikimbie."

"Ikimbie na vumbi la chuma mpaka tumboni mwa pampu. Wewe ukinywa maji yenye misumari utakimbia?"

Mafundi wakainamia kazi zao ili wacheke vizuri. Mbwembwe akaivaa miwani.

Shangazi Pua hakuwa amemaliza. Rejeta yenyewe Mbwembwe aliipaka rangi nyekundu mikono mitatu ifanane na mistari ya gari, mapezi yote yamegandiana, upepo hauna pa kupita. Pampu aliifunga juu kule kwenye kioo cha nyuma, na vitaa vya bluu, ipate kuonekana, wakati pampu inatakiwa ikae chini oili iifuate kwa urahisi. Na alikuwa ameiunga na ufunguo wa gari moja kwa moja, ukiwasha tu na yenyewe inaanza kuvuta oili ikingali nzito ya baridi.

"Washa," Shangazi Pua akamwambia.

Akawasha. Pampu ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Unajua Mbwembwe alifanya nini? Aliongeza sauti ya redio.

Shangazi Pua akaizima redio, akaliacha gari lingurume dakika kumi. Akamwita Kijiti, aliyekuwa amesimama pembeni anauma kucha.

"Ingia chini. Bonyeza mpira ule unaopita karibu na ekzosi."

Kijiti akaingia. Mpira ulikuwa wa maji, wala si wa oili, umefungwa kwa vifungo vya plastiki kama mboga za gengeni, na umepita vidole viwili kutoka kwenye bomba la moshi. Akaubonyeza.

"Ni laini," akasema.

"Laini kama nini?"

"Kama ulimi."

"Ulimi wa ng'ombe wa jana. Sasa angalia juu yako. Hapo juu kuna nini?"

Kijiti akainua macho. Juu yake kulikuwa na kiti cha dereva.

"Huo mpira ukipasuka, oili inamwagikia ekzosi, na moto unaanzia matakoni mwako," Shangazi Pua akasema. "Na wewe umefungwa mikanda mitano. Utajifungua kwa meno?"

Mkurugenzi alikuwa ameshatoka ofisini kwake. "Dada, punguza makali. Huyu ni mkwe wetu. Unamsema mbele ya vijana?"

"Mkwe awe mkwe sebuleni. Chini ya gari ni fundi au si fundi."

"Kesho nimealika watu. Jina la karakana limeandikwa mlangoni mwa gari. Ni mizunguko kumi tu, baada ya hapo utarekebisha unavyotaka."

"Nipe leo na usiku mmoja. Nafungua yote nafunga upya."

"Ili mtoto wa watu aonekane hajui kitu?"

"Hajui kitu."

Mkurugenzi akamvuta pembeni, akatoa karatasi ya uwanja. Kila gari linaloongezwa kifaa lilitakiwa liwe na jina na sahihi ya fundi mwenye cheti cha giaboksi. Pale karakana mwenye cheti alikuwa mmoja, Shangazi Pua. Alikipata akiwa na miaka arobaini na mbili, kwa mtihani wa mikono, na ile sehemu ya kuandika aliifanya anatoka jasho kuliko mtu anayezaa. Jina lake aliliandika kwa herufi kubwakubwa, kila moja inaegemea upande wake kama walevi kwenye foleni.

"Weka sahihi tu, Dada."

Aliitazama karatasi, akamtazama mdogo wake. Mavi ya huyu aliyafuta yeye. Alimbeba mgongoni kwenda kliniki mvua inanyesha. Alihisi mate yanamjaa, akageuka, akatema kwenye pipa la oili chafu, akarudi kwenye basi lake la shule.

Jumamosi alikwenda uwanjani amepanda nyuma ya pikapu na sanduku la spana. Hakuna aliyemwita. Alitaka awepo pale, karibu na mtungi wa kuzimia moto, na alikuwa ameshaukagua mtungi wenyewe mara mbili. Alijiambia kwamba gari bila sahihi yake halitaruhusiwa kuingia, yataishia pale.

Mkaguzi wa magari alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni. Akafika kwenye gari la Kijiti, akapekua karatasi.

"Fundi wa hii giaboksi ni nani?"

"Dada yangu yule pale," Mkurugenzi akasema, mkono juu kama anamuuza.

Mkaguzi akamsogezea karatasi. "Mama, sahihi hii ni yako?"

Shangazi Pua akaishika. Jina lilikuwa lake. Lakini liliandikwa kwa mikia na mapambo, limelala vizuri, limechorewa na mstari chini. Mwandiko wa mtu mwenye kiti cha kuzunguka. Miaka zaidi ya arobaini wanafanya kazi chini ya bati moja, na mdogo wake hakuwahi hata siku moja kutazama dada yake anavyoandika jina lake.

Mpira wenyewe ulimkera, mwandiko huu sasa ulimchafua.

Kijiti alikuwa ndani ya gari, kofia ngumu kichwani, mikanda imekazwa. Akakiinua kile kioo cha usoni.

"Shangazi," akasema polepole. "Mwaka mzima nimeyangoja haya mashindano. Sema ndiyo. Mizunguko kumi tu."

"Dada," Mkurugenzi naye akasema, meno yamebana. "Watu wanatuangalia."

"Wanaangalia kweli," akajibu. Akamrudishia mkaguzi karatasi. "Mwandiko huu umesoma, mimi sijasoma. Si sahihi yangu na si kazi yangu. Washa hilo gari, subiri lipate moto, uingie chini ubonyeze mpira ulio karibu na ekzosi. Ukiona ni sawa, lipeleke."

Mkaguzi hakuuliza mara ya pili. Gari likawashwa, pampu ikalia, Mbwembwe akatazama mawingu. Baada ya muda yule mwanamke akajilaza chini, akaingia. Kidole gumba chake kilipougusa mpira, oili ikatoka kwenye ungio, tone moja, likadondokea bomba la moshi. Likachemka. Moshi mweupe ukatoka pembeni mwa mlango, pale pale lilipoandikwa jina la karakana.

Kijiti akatolewa kwenye gari haraka. Gari likasukumwa pembeni, likawekewa karatasi nyekundu kwenye kioo. Wageni wa Mkurugenzi wakaendelea kunywa soda zao huku hawajui waweke macho wapi.

"Umenivua nguo mbele za watu," Mkurugenzi akamwambia dada yake.

"Ulishavua mwenyewe ukiandika jina langu. Mimi nimewaambia tu watu watazame."

Kijiti alikuwa amekaa juu ya tairi, analia ndani ya kofia, sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani. "Sitakusamehe, Shangazi."

"Usinisamehe. Ninunie mpaka uzeeke. Angalau utakuwa umezeeka."

Akachukua sanduku lake la spana. Jumatatu hakwenda karakana, wala Jumanne. Mkurugenzi alituma watu, wakarudi na majibu ambayo hawakuweza kuyafikisha yote. Alitandika turubai uani kwake, akafungua giaboksi ya teksi ya jirani, na wiki haijaisha uani pamejaa. Wateja walijua wanamfuata nani. Kule karakana waliachiwa kiti cha kuzunguka.

Siku ya kumi na moja likaja gari jeupe limevutwa kwa kamba. Kijiti akashuka peke yake, macho yamevimba, boksi dogo mkononi. Hakusalimia vizuri.

"Nimekuja na chujio," akasema.

"Mumeo?"

"Yuko nyumbani. Amefuta video zote. Anasema anaumwa kichwa."

"Hicho kichwa kimepata wapi cha kuuma. Vaa ovaroli."

"Sijui kufunga, Shangazi. Mimi ni dereva."

"Dereva anakalia nini? Unakalia hiyo mipira. Basi ijue."

Shangazi Pua akaketi kwenye kigoda, mikono imepakatwa, hakugusa spana. Kijiti alilala chini tangu asubuhi. Aling'oa mpira wa maji, akautupa. Akaishusha pampu kutoka kwenye pozi lake, akaifunga chini, chujio mbele yake. Rejeta nyekundu waliiweka kando ikawa ya kuzuilia mlango, wakatafuta nyingine. Mipira ya oili ikapitishwa mbali na ekzosi, ikakazwa kwa klipu za chuma, na kiswichi cha joto kikawekwa ili pampu isiamke kabla oili haijalainika. Kila alipokosea, Shangazi Pua alisema neno moja tu, "Fungua," na Kijiti akafungua. Klipu ya mwisho ilifunguliwa mara nne.

Ilipofunguliwa mara ya tatu, gari la Mkurugenzi lilisimama nje ya geti. Halikupiga honi. Alikaa ndani, kioo kimeshushwa nusu, anasubiri aambiwe karibu. Kijiti aliona viatu vya shangazi yake havisogei.

"Shangazi, baba yuko nje."

"Namwona."

"Nimfungulie?"

"Mkono wako una oili. Kaza hiyo klipu."

Akakaza. Shangazi Pua akainama, akaijaribu kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Fungua," akasema.

Nje, Mkurugenzi alizima injini akabaki amekaa. Jua lilikuwa kali, na upande ule wa geti hapakuwa na kivuli.