Mkaa wa Vifuu na Pua ya Mwenzake

Kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei, huku Uchina, nje watu wakifunga mizigo ya kontena, mwanafunzi wa Tanga aliyeko huku kwa udhamini wa masomo aliweka chupa mbili za maji mezani. Ya kwanza ilinuka kama dawa ya kudekia hospitali: maji ya kiwandani yenye kemikali ya fenoli. Ya pili ni maji hayohayo, ila yamepitishwa kwenye mkaa amilifu aliouunguza mwenyewe kwa vifuu vya nazi.

Mwenzake wa maabara, ambaye mkaa wake ulishindwa, alibetua midomo. "Chujio tu hilo. Hata mama yangu anachuja chai."

"Majani ya chai yanazuiwa na ukubwa wake, ndugu yangu. Fenoli imeyeyuka. Mkaa una vitundu visivyoonekana, nayo inanata kwenye kuta zake."

Mwenzake akainusa ya pili, akainusa tena. "Bado inanuka."

Mama mwenye mgahawa akaipokea, akanusa. "Mbona hainuki kitu, baba?"

Jamaa akainamia wali wake. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hivi... vifuu uliviunguza kwa moto wa kiasi gani?"

Mkaa hunasa uchafu uliomo majini. Wivu, wasomaji wangu, hunasa hata usiokuwamo.