Kuku Aliyepasuliwa Darasani

Miaka ya sabini nilikuwa napika uji katika shule moja huku Ngokolo. Siku moja mwalimu wa sayansi, msichana mdogo tu, alipasua kuku mezani ili awaonyeshe watoto safari ya chakula tumboni. Mzazi mmoja akasikia, akaja mbio kumtoa binti yake shule. Kwetu Wasukuma, kuku hupasuliwa na mfumu, yaani mganga wa ramli, akimtafuta aliyeroga.

"Mwalimu, unawapigia watoto ramli?"

"Shikamoo baba. Karibu, sogea uone."

"Huyo kuku anasema nini juu ya binti yangu?"

"Anasema asubuhi alikula mtama. Mengine atakueleza binti yako."

Binti akashika kijiti. "Hii firigisi, baba. Kuku hana meno, anasagia hapa. Sisi tunasagia mdomoni."

Baba akainama, mikono mgongoni. "Ehe! Halafu huo mtama unakwenda wapi?"

Binti akaufuata utumbo mpaka mwisho kabisa, darasa likaangua kicheko, na baba naye.

"Baki usome," akamwambia, akaenda zake.

Nimeona kuku wengi wakipasuliwa, wajukuu zangu. Huyo ndiye wa kwanza ambaye hakumnyooshea jirani yeyote kidole.