Friji ya Mama na Bunduki ya Serikali

Baba yangu, Ngowa, ni polisi wa akiba hapa Vitengeni, na ni mbishi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mshahara hana, viatu vya kazi alinunuliwa na Mama, lakini bunduki ya serikali anayo. Tangu apewe, wezi wa mifugo waliotusumbua miaka nenda miaka rudi walihamia kwengine, na majirani wakaanza kulala. Nimemkasirikia mara nyingi, mimi Gladys bintiye, na bado namshukuru Mungu kwa kunipa baba huyu. Namshukuru zaidi kwa kumpa baba huyu mke kama Kahonzi, mama yangu.

Kwetu Wagiriama mahindi huwekwa lutsaga, dari iliyo juu ya meko, yafukizwe na moshi yasiliwe na fukusi. Baba akaona kilicho salama kwa mahindi ni salama kwa kila kitu. Akachukua mafuta ya nazi ya Mama, yale ya kujipaka, akaisugua bunduki ikang'aa, akaiviringisha kwenye fulana kuukuu na kuipandisha huko juu pamoja na risasi zake.

"Baba Gladys, hayo mafuta yakipata joto yatakuwa gundi," Mama alimwambia. Yeye ni mshonaji, na cherehani yake ya kwanza iliharibika hivyo hivyo.

"Bunduki si cherehani," Baba akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya ukaguzi Sajini Gachanja alivuta kishikio, kikagoma. Akavuta tena. Akainusa.

"Mzee Ngowa, hii inanuka jikoni."

Wenzake Baba walicheka, Sajini hakucheka. Masizi na unyevu wa masika vilikuwa vimezaa kutu mpaka ndani ya mtutu. Aliposikia kwamba risasi nazo zilikuwa huko huko darini, ambako mtoto yeyote hutumwa kuteremsha mahindi, aliiweka bunduki nyuma yake.

"Hii itabaki kituoni isafishwe," akasema. "Nitakuja kwako kuona utaiweka wapi. Nikikuta ni darini tena, hairudi."

Habari kama hiyo haifichiki. Wiki haikuisha mbuzi wa jirani yetu Phineas wakatoweka usiku, zizi zima. Phineas hakumlaumu mtu, alikuja tu akakaa na Baba barazani, na nadhani Baba angependa atukanwe kuliko vile. Kabati la chuma la dukani hatukuliwazia, maana hata bei yake tuliogopa kuuliza.

Mama ndiye aliyeinuka. Alikuwa na friji, aliyopewa na hoteli moja ya Bofa ilipofungwa, baada ya kufua mashuka yao mpaka mgongo ukakataa. Aliitumia kuuzia maji baridi na juisi ya ukwaju mpaka stima ilipoiunguza. Baba aliiita marehemu. Kila mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, Baba alimwita, na Mama alimfukuza. Ndani yake alitia unga, nyuzi na viberiti, kwa kuwa ule mpira wa mlangoni haupitishi unyevu. Masika hii, viberiti vilivyowaka boma zima vilikuwa vya kutoka kwa marehemu.

Mama alitoa kila kitu, akaipangusa friji polepole hadi ile taa ndogo ya ndani. Hapo nilielewa kwamba miaka yote hiyo alitumaini ingefufuka, moyo wangu ukaumia.

Baba aling'oa rafu za ndani, akaifunga friji kwa bolti ndefu kwenye ukuta wa matofali wa chumbani kwao, akaizungushia mnyororo na kufuli. Godoro langu la zamani lilikatwa kipande, kitako cha bunduki kikalie. Soksi zangu za shule Mama alizijaza vipande vya mkaa vilivyokaushwa kwenye kikaango, vinyonye unyevu, akaniachia kazi ya kuvikausha upya kila mara. Mafuta ni ya cherehani, tone kwenye kitambaa, kisha bunduki inaachwa wazi bila kuviringishwa, maana nguo hushika maji. Risasi zilipata sanduku langu la bati la shule, na kufuli lake, katika chumba kingine. Funguo zote Baba alizivaa shingoni.

Sajini alipokuja aliitikisa friji kwa mikono miwili, haikusogea. Akafungua, akabonyeza soksi, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango.

"Mzee, hapa umetumia akili," akasema. "Kesho njoo uichukue."

Nilimtazama Baba, nikingoja avimbe kifua. Mtu huyu hata mvua ikinyesha hujisifu kwamba alijua.

"Bunduki ni ya serikali, afande," Baba akasema. "Friji ni ya mke wangu. Akili pia ni yake, mimi nilimkatalia tangu mwanzo. Nimeshika funguo tu." Kisha akamgeukia Mama. "Asante, mama Gladys."

Neno hilo sikuwahi kumsikia akimwambia. Mama alijishughulisha na meko kwa muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji. Alipotoka na sinia, kikombe cha kwanza alimpa Baba, na mgeni akangoja chake.